Shemeji anatoa dola 800, mgeni anatoa 2,600: akodiani ya marehemu mume wangu ina thamani gani?

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mzaliwa wa Buyenzi, Bujumbura, na sasa naishi karibu na Lafayette, jimbo la Louisiana, Marekani. Nilikuja kufundisha, maana huku kuna shule za msingi ambako watoto husoma hesabu na sayansi kwa Kifaransa, na walimu hutafutwa hata kutoka Afrika. Hapo ndipo nilipokutana na marehemu mume wangu. Alikuwa Mkajuni, yaani mzao wa wale Wafaransa waliofukuzwa na Waingereza huko Kanada kuanzia mwaka 1755, baadhi yao wakaja kuhamia huku kwenye mabwawa na mashamba ya mpunga.

Mume wangu alifariki mwaka jana kwa maradhi ya moyo. Hakuacha wosia. Ameniachia binti mmoja wa miaka 16, nyumba yenye deni la benki, bili za hospitali, na akodiani.

Mchana alikuwa fundi umeme, Jumamosi usiku alikuwa mpigaji. Akodiani yenyewe ni ndogo, unaibeba kwa mkono mmoja. Upande wa kulia ina vitufe 10, juu ina vishikizo vinne vya kuvuta, na kushoto ina vitufe viwili tu vya besi. Mbao zake zina rangi ya asali na mawimbi ndani yake. Kitufe cha tatu na cha nne vimelika hadi vimebonyea alama ya kidole. Kishikizo kimoja hakikai juu siku hizi, ukikivuta kinarudi. Niliwahi kumwona mume wangu akiifungua kutengeneza sauti moja iliyokuwa inachelewa kutoka, na ndani niliona maandishi ya penseli: jina la fundi, herufi C, na mwaka 1989. Fundi huyo alikuwa mkulima wa mpunga wa kijijini kwao, ametengeneza chache tu maishani mwake, na sasa naye ni marehemu.

Baada ya arobaini, shemeji, yaani kaka yake mume wangu, alikuja akasema atanipa dola 800. Alisema aliyemlipa fundi mwaka ule ni baba yao, na kwamba hicho ni chombo cha watu wetu, kisije kikaishia mikononi mwa watu wasiojua. Hayo maneno "watu wetu" yamenikaa moyoni. Nimeolewa katika nyumba ile, nimezaa katika nyumba ile, halafu nikaambiwa hivyo jikoni kwangu.

Kisha akaja kijana kutoka Houston ambaye ana bendi. Aliipiga hapa sebuleni kwa muda mrefu, akanyamaza, akasema atatoa dola 2,600 taslimu, lakini anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Duka la rehani waliniambia dola 300. Duka la ala za muziki walisema wao ni watu wa magitaa. Kwenye mtandao naona nyingine zinauzwa dola 500, nyingine zaidi ya 4,000, na kwa macho yangu zote zinafanana.

Paa la nyumba linavuja na binti anakaribia chuo. Mama, nataka kujua bei yake ya kweli ni ipi. Kitu kilichotengenezwa kwa mkono na kupigwa zaidi ya miaka 30, si kinapaswa kupanda thamani? Na nikimuuzia mgeni, nitakuwa nimeikosea familia? Binti hasemi kitu. Ila nimeona ameihamishia chumbani kwake, na yeye mwenyewe hajui kuipiga, anapiga tarumbeta kwenye bendi ya shule.

Mjane, Louisiana

*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Mungu amrehemu mume wako, na akupe wepesi wewe na binti.

Barua yako inauliza bei, lakini nikiisoma naona maswali matatu yamefungwa kwenye furushi moja: kitu hiki kinauzwa kiasi gani, kitu hiki ni cha nani, na wewe mwenyewe una nafasi gani katika familia hiyo baada ya mume kuondoka. La tatu ndilo linalouma, la kwanza ndilo lenye haraka, na la pili ndilo ambalo hakuna aliyekuuliza. Ukiyajibu yote kwa kutaja kiasi kimoja cha dola, hata kama kiasi hicho ni kizuri, moyo hautatulia.

Wasomaji wengi wa safu hii wanaifahamu akodiani ya taarabu, yenye vibao kama vya piano. Hii ya mwenzetu ni nyingine. Ukibonyeza kitufe na kusukuma unapata sauti moja, ukivuta unapata nyingine. Kila kitufe kinaamsha ndimi nne, yaani vipande vyembamba vya chuma vinavyotetemeka na kutoa sauti, kwa kusukuma na nne kwa kuvuta, kwa hiyo upande wa kulia peke yake una ndimi 80. Zile ndimi ndizo mali. Mbao nzuri ni sura yake. Mnunuzi anayejua atazifungua ndimi kwanza.

Zamani Wakajuni walizipata kutoka Ujerumani. Zilizopendwa zaidi zilikuwa Monarch na Sterling. Vita Kuu ya Pili ilipokata biashara hiyo, watu wa Louisiana walianza kujitengenezea wenyewe, na Sidney Brown wa Lake Charles hutajwa kuwa ndiye aliyefungua njia. Baadaye wakaja wengine, kama Marc Savoy wa mji wa Eunice, mpaka ikawa kazi ya karakana za nyuma ya nyumba, seremala huyu na mkulima yule. Fundi wa kijijini kwa mume wako anatoka katika ukoo huo wa kazi. Ninakueleza haya kwa sababu yanagusa bei moja kwa moja. Jina linalojulikana linauza. Fundi aliyetengeneza chache anaweza kuwa bora kuliko mwenye jina, lakini soko halimjui, na mnunuzi wa mbali hatalipa kwa sifa asizozisikia. Kwa wanaomkumbuka, huenda ikawa kinyume kabisa: zimebaki chache na hatatengeneza nyingine.

Umeniuliza kama kutengenezwa kwa mkono na kupigwa miaka mingi hakupandishi thamani. Hapo naomba tuende taratibu. Akodiani mpya ya fundi anayejulikana huko kwenu huzidi dola 2,000, nyingine huzidi sana, na mara nyingi unaagiza na kungoja. Iliyotumika kwa kawaida huwa chini ya mpya, kwa sababu chombo hiki huchakaa: mivukuto, yaani ile sehemu ya katikati inayosukuma hewa, hupasuka kwenye mikunjo, nta inayoshikilia ndimi hukauka na kuachia, na unyevunyevu wa Louisiana hutia ndimi kutu, zikapoteza sauti yake. Zipo chache zinazopanda, kama zile za Ujerumani za kabla ya vita zikiwa nzima, au za fundi mwenye jina kubwa aliyefariki. Yako inaweza kuwa kati ya hizo au isiwe. Usiku wote ule wa Jumamosi alioipiga mume wako una thamani kubwa kwako na kwa binti. Kwa mnunuzi, vitufe vilivyolika ni dalili kwamba chombo kimefanya kazi sana. Inauma kulisikia hilo, najua, lakini ni afadhali ulisikie kwangu kuliko kwa mtu mwenye pesa mkononi.

Upande mwingine una mambo yanayokusaidia. Herufi C uliyoiona ndani ni sauti ya msingi ya chombo chote, nayo ndiyo inayotafutwa zaidi na wapigaji wa muziki huo, ikifuatiwa na D. Maandishi ya penseli yenye jina na mwaka ni ushahidi ambao wauzaji wengi hawana. Yapige picha, lakini yapigwe siku fundi anapoifungua. Usiifungue wewe.

Kuna jaribio dogo unaloweza kulifanya leo. Simama, shika akodiani kwa mkanda wa upande mmoja, usibonyeze chochote, acha upande wa chini ushuke kwa uzito wake. Ukishuka polepole sana, mivukuto na vizibo vyake ni vizima. Ukianguka haraka, hewa inavuja mahali, na mnunuzi ataikata bei kwa hilo. Halafu bonyeza kila kitufe, sukuma na vuta, kwa sauti ya chini kabisa. Andika kwenye karatasi ni kipi kinachelewa. Karatasi hiyo itakufaa mbele ya fundi yeyote, maana hatakutajia ubovu usiokuwepo.

Na tafadhali usitengeneze chochote kwanza. Usipake vanishi, usibadili vitufe. Kurekebisha sauti zote na kuweka nta upya kunaweza kugharimu dola mia kadhaa, na huna hakika zitarudi kwenye bei. Kuna hatari nyingine ambayo watu wengi hawaijui: akodiani ya Kikajuni kwa desturi haipimwi kama piano. Baadhi ya noti, hasa ile ya tatu ya ngazi (kama "mi" katika do-re-mi), hushushwa kidogo kwa makusudi ili zikae vizuri pamoja. Ukimpelekea fundi wa akodiani za kawaida, anaweza kudhani imeharibika na "kuisahihisha", na hapo mpigaji wa Kikajuni hataitaka tena.

Sasa kuhusu zile bei ulizotajiwa. Ukiziangalia vizuri, kila mmoja alikutajia bei ya jambo lake. Duka la rehani walitaja kiasi ambacho hawatapata hasara hata wakikaa nayo mwaka mzima. Kijana wa Houston alitaja kiasi cha chombo atakachokipiga Ijumaa inayokuja bila kungoja foleni ya fundi. Shemeji alitaja bei ya ndugu, na ndani yake amekwisha kutoa kile anachoamini ni fungu la baba yake. Huenda hakuna aliyekudanganya. Lakini pia hakuna aliyekaa upande wako, na hilo ndilo unalolikosa: mtu mmoja anayejua chombo na asiyetaka kukinunua. Mafundi wa akodiani hizo bado wapo katika miji iliyokuzunguka. Mtafute mmoja, mlipe kazi ya tathmini, mwambie mapema kwamba humuuzii yeye, na umwombe aandike mambo mawili: bei akiuziwa mpigaji kwa subira, na bei ya kuuza wiki hii. Tofauti ya hizo mbili itakuonyesha haraka yako inagharimu kiasi gani.

Zile bei za mtandaoni zinazokuchanganya, kumbuka nyingi ni bei za kuomba. Iliyoombwa dola 4,000 na bado inaonekana sokoni miezi mingi haijamwambia mtu kitu. Tafuta zilizouzwa, zenye sauti ya C, za mafundi wadogo wa Louisiana. Na za viwandani zinazouzwa dola mia chache ni jamii nyingine hata kama zinafanana kwa picha. Ndani yake ndimi si zile.

Tuje kwenye swali la pili. Umeandika kana kwamba akodiani ni yako na kinachokuzuia ni aibu tu. Pengine ni hivyo. Lakini sheria ya Louisiana ya mirathi haifanani na ya majimbo mengine, ina mizizi ya Kifaransa na Kihispania, na inatenganisha alichokuwa nacho mtu kabla ya ndoa na kilichochumwa ndani ya ndoa. Chombo cha mwaka 1989, ikiwa kilikuwa chake kabla hamjaoana na hakuacha wosia, kwa kawaida kinakwenda kwa watoto, wala si kwa mjane. Maana yake mwenye mali anaweza kuwa binti yako, na kwa kuwa hajatimiza miaka 18, kuuza mali yake kuna utaratibu wake wa mahakama. Na kama ni kweli baba yao alilipa, kuna swali jingine: alimpa mwanawe kama zawadi, au kilibaki cha mzee na mirathi ya mzee haikugawanywa? Likiwa la pili, shemeji anadai kitu chenye msingi. Sisemi anacho. Nasema uende kwa mwanasheria wa mirathi wa huko kabla hujapokea pesa ya mtu, kwa sababu kijana wa Houston akishaondoka nayo, kuirudisha itakuwa kesi.

Hapa kuna mtu ambaye katika barua yako yote hukumtaja. Mama mkwe wako yuko hai? Kama yupo, au kama yupo shangazi mtu mzima wa rika lake, yeye anajua mwaka ule pesa ilitoka wapi na kwa maneno gani. Umri wake huenda ni wa wale walioadhibiwa shuleni kwa kusema Kifaransa, maana katiba ya Louisiana ya mwaka 1921 ilikifunga nje ya madarasa, na haikuwa mpaka 1968 ndipo jimbo lilipounda taasisi ya kukirudisha. Wengi wa kizazi hicho hawakuwafundisha watoto wao lugha, kwa kuogopa. Wewe, mtoto wa Buyenzi, ndiye uliyekuja kuwafundisha wajukuu wao. Huenda wewe ndiye unayeweza kumuuliza jambo hili kwa lugha ambayo kumbukumbu zake zimekaa ndani yake.

Ndiyo maana yale maneno ya "watu wetu" yameniuma hata mimi. Sijui shemeji alimaanisha nini. Anaweza kuwa amekutenga kweli. Anaweza pia kuwa mtu aliyempoteza kaka yake, na hana namna nyingine ya kusema kwamba hataki kuipoteza na ile sauti. Yote mawili yanawezekana kwa mtu mmoja, siku moja. Ila usikubali kuambiwa kwamba muziki huo una ukoo mmoja. Mpiga akodiani Amédé Ardoin alikuwa mtu mweusi, Mkrioli wa Louisiana, yaani wa jamii ya huko inayosema Kifaransa, na mwaka 1929 alirekodi pamoja na mpiga fidla Dennis McGee. Wapigaji wa Kikajuni wa leo bado wanajifunza akodiani kwa nyimbo za mtu huyo. Binti yako ana haki kamili katika historia hiyo, kwa damu zake zote.

Ukimuuzia shemeji kwa bei yake, utapata amani ya sasa, lakini nakuuliza: ukisikia baadaye kwamba ameiuza kwa dola 2,600, utajisikiaje? Kama njia hiyo inakuvutia, yaandikwe: bei ya kati, alipe kwa awamu, na akitaka kuiuza arudi kwanza kwa binti. Wakwe wengine wataliona hilo kama kutoaminiwa, hiyo ndiyo hatari yake. Ukimuuzia kijana, utapata pesa nyingi zaidi na akodiani itapigwa, jambo ambalo mimi silidharau, kwa kuwa ndimi zisizopigwa huharibika kimyakimya. Hatari ni mgogoro wa mirathi, na ule mlango wa wakwe ambao binti yako bado atauhitaji. Tarehe yake ya mwisho wa mwezi ni yake, wewe hukuiweka. Unaweza kumwambia ukweli kwamba kuna mambo ya mirathi. Mnunuzi mwema atangoja, au ataacha namba yake. Ukibaki nayo, paa litaendelea kuvuja, na hilo nalo si jambo dogo. Kwa bili za hospitali, uliza ofisi ya malipo ya hospitali kuhusu punguzo au msaada kwa wenye kipato kidogo kabla hujauza kitu cha nyumbani. Hospitali nyingi za huko zina utaratibu huo, lakini hawaji kukugongea mlango kukwambia.

Halafu binti. Umesema hasemi kitu, kisha ukaniambia ameihamishia chumbani kwake. Mimi naona amesema. Kwamba anataka nini hasa, siwezi kujua, na wewe pia hujui mpaka umuulize. Pengine anataka kujifunza. Pengine anataka iwe karibu kwa muda tu, na baada ya hapo yuko tayari iuzwe ili asome. Mtoto wa miaka 16 anaweza kuambiwa hali ya deni na paa bila kubebeshwa deni lenyewe. Na kama sheria itasema ni yake, itakuwa vyema zaidi awe alikwisha kuulizwa na mama yake kabla ya kuulizwa na mwanasheria.

Wakati haya yanaendelea, isikae garini hata saa moja, maana joto la gari Louisiana linaweza kuyeyusha nta. Iwe ndani ya sanduku lake, mivukuto imefungwa, mbali na dirisha na mbali na lile paa linalovuja. Na mama mkwe, au shangazi, usimwache kwa baadaye. Mtembelee kwanza, kabla ya fundi na kabla ya mwanasheria, kisha niandikie alichokwambia.